Kuwaka, Moto, Shoti na Ardhi: Istilahi za Umeme wa Gari Kuukuu

Lugha ya gereji imekua nje ya vikao vya istilahi. Fundi alipopokea gari alipokea pamoja nalo majina ya vipuri vyake, akayatia irabu mwishoni, na kazi ikaendelea: betri, stata, koili, plagi, pointi, fyuzi, kabureta. Hatuna ugomvi na maneno hayo. Kila moja linataja kitu kinachoshikika kwa mkono, na hakuna fundi atakayeletewa koili akadhani ni plagi. Taabu inaanza pale lugha inapotakiwa kutaja kisichoshikika, yaani umeme wenyewe na namna unavyopotea njiani. Hapo maneno machache tu, hasa manne tutakayoyaeleza katika makala haya, yamebebeshwa maana nyingi kuliko yanavyoweza kubeba. Matokeo yake si mzozo wa wanaisimu peke yao. Mwenye gari hununua betri mpya, hali kilichokuwa kikihitajiwa ni kipande cha msasa.

Mfano tutakaoutumia ni Land Rover ya petroli ya Series II na IIA, zilizotengenezwa baina ya mwaka 1958 na 1971. Tumeichagua kwa sababu Waafrika Mashariki wengi wanaijua, na kwa sababu nyaya zake ni chache kiasi cha kufuatika kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho. Haina kompyuta ya kuficha kosa. Mengi tutakayoyasema yanayafaa pia magari mengine ya Uingereza ya miaka hiyo.

Tuanze na malalamiko ya kawaida kabisa: “Fundi, gari haliwaki.” Sentensi hii ina magonjwa mawili yasiyo na undugu. La kwanza, injini haizunguki. La pili, injini inazunguka lakini haishiki. Katika ugonjwa wa kwanza kosa limo baina ya betri na stata. Katika ugonjwa wa pili betri na stata zimekwisha kutimiza wajibu wao, na kosa linatafutwa katika mfumo wa cheche au wa petroli. Bahati njema ni kwamba mafundi wenyewe tayari wanayo maneno kuzunguka na kushika, na wanayatofautisha vizuri wanapozungumza wao kwa wao. Tunachopendekeza ni kwamba vitabu vya mafunzo navyo viyatofautishe, na neno kuwaka liachiwe taa.

Land Rover hizi zina fadhila ambayo magari ya leo hayana: hendeli. Gia ikiwa huru, injini huzungushwa kwa mkono. Ikishika kwa hendeli baada ya kukataa kwa stata, basi cheche na petroli ni salama, na fundi aelekeze macho yake kwenye betri, nyaya nene na stata. Ikiwa haizunguki hata kwa hendeli, huenda injini yenyewe imekwama, au meno ya stata yameng’ang’ania gurudumu la injini. Kosa hili la pili huondoka mara nyingi kwa kuzima swichi, kuweka gia ya juu na kulitikisa gari mbele na nyuma. (Anayepiga hendeli aweke dole gumba upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudi nyuma ghafla, dole lililozunguka mpini huvunjika.)

Sasa tuje kwenye neno moto. “Waya huu una moto,” husema fundi baada ya kugusisha taa ya majaribio na kuiona inawaka. Usemi huu una ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Katika fizikia tunatenganisha msukumo wa umeme, unaopimwa kwa volti, na mkondo wa umeme, unaopimwa kwa ampea. Na katika gari kuna jambo la tatu linaloitwa pia moto, nalo ni cheche ya plagi. Mambo matatu, neno moja.

Tuone madhara yake kwa hesabu. Taa ya majaribio ya wati 5 katika gari la volti 12 hutumia mkondo usiofika nusu ya ampea. Stata hutaka mamia ya ampea. Tuchukulie kwamba baina ya nguzo ya betri na kibano kinachoishika pameota ukoko mweupe wenye ukinzani wa omu 0.05, kiasi ambacho jicho halikioni na mita za kawaida hazikipimi kwa urahisi. Kwa mkondo wa taa ile, ukoko huo unapoteza volti 0.02 tu, na taa inawaka kama kawaida. Kwa mkondo wa ampea 200, unapoteza volti 10. Bila shaka stata haiwezi kufikishiwa ampea hizo kwa volti mbili zilizobaki, kitakachosikika ni mlio mmoja, “ta!”, na kimya. Fundi aliyefunzwa neno moto peke yake atasema: moto upo hadi kwenye stata, kwa hiyo stata imeharibika. Ataifungua bure. Msukumo ulikuwapo, kilichokosa njia ni mkondo.

Kwa sababu hiyo stata haipimwi ikiwa imetulia, hupimwa ikiwa inatumwa kazi. Washa taa kubwa za mbele, kisha zungusha swichi ya stata. Taa zikizimika kabisa, shuku kibano cha betri au betri iliyokwisha chaji. Zikififia huku injini ikizunguka kwa uzito, betri ni dhaifu au kuna kizuizi katika stata au injini. Taa zikibaki na nuru ileile wala pasisikike kitu, mkondo haufiki hata kwenye solenoidi, yaani ile swichi nene ya stata. Mwenye mita afanye zaidi: aondoe waya wa swichi kwenye koili ili injini isishike, kisha apime volti wakati stata inatumwa, kwanza baina ya nguzo ya betri na kibano chake, halafu baina ya nguzo ya betri iliyofungwa kwenye bodi na chuma cha injini. Pa kwanza pasizidi karibu na sifuri, pa pili pasizidi nusu ya volti. Volti zinapoonekana ndipo zinapopotelea.

Neno la tatu, shoti, limeharibiwa kuliko yote. Kwa asili ni umeme uliopata njia ya mkato, ukarudi betrini bila kupita katika kifaa ulichokusudiwa. Lakini katika matumizi ya mitaani kila hitilafu ya umeme ni shoti, hata waya uliokatika. Hapa maneno yamegeuka kinyume cha maana yao, kwa kuwa waya uliokatika hauna mkondo kabisa, na shoti ina mkondo uliopita kiasi. Moja hunyamaza, ya pili huunguza.

Mfumo wa cheche wa gari kuukuu unaonyesha tofauti hii waziwazi. Mkondo hutoka kwenye swichi, hupita katika koili, kisha huingia katika pointi zilizomo ndani ya distribyuta. Pointi zikifumbana mkondo hupita na koili huwa sumaku. Zikifumbuka, usumaku huanguka ghafla na koili hutoa msukumo wa maelfu ya volti, ndio unaoruka kama cheche kwenye plagi. Kondensa iliyo kando yake huzuia pointi zenyewe zisiungue. Sasa unganisha taa ya majaribio baina ya bodi na ule upande wa koili unaokwenda kwenye distribyuta, washa swichi, na mwenzako azungushe injini kwa hendeli polepole. Taa inapaswa kuzimika pointi zinapofumbana na kuwaka zinapofumbuka.

Ikiwa taa inawaka wakati wote na haizimiki, mkondo haupiti katika pointi: zimeungua, zina mafuta, hazifumbani, au waya mdogo ndani ya distribyuta umekatika. Ikiwa taa haiwaki hata mara moja, chomoa waya unaoingia katika distribyuta. Ikiwaka sasa, koili ni nzima, na ndani ya distribyuta kuna mahali umeme unakimbilia kwenye bodi bila kungoja pointi, pengine kondensa iliyotoboka. Ikiwa bado haiwaki, rudi nyuma kwenye koili na swichi. Kwa mwenye gari dalili ni moja tu, cheche hakuna. Kwa fundi ni makosa mawili yaliyo kinyume, na dawa zake ni mbali mbali: la kwanza mara nyingi hutibiwa kwa kusafisha pointi na kuzipangia upya nafasi yake ya milimita 0.35 hadi 0.40, la pili kwa kubadili kondensa au kufunika waya uliochubuka.

Tunapendekeza basi kwamba shoti ibaki na maana yake moja ya njia ya mkato, na njia iliyokatika iitwe mkatiko, neno ambalo wananchi wamekwisha kulizoea kwa umeme wa majumbani. Kuna waliopenda shoti nayo iitwe mchepuko. Kwa maana lingefaa, lakini vijana wa siku hizi wamelipa neno hilo kazi nyingine, na hatudhani kwamba mwalimu wa ufundi angemaliza somo lake darasani bila kicheko.

Limebaki neno ardhi, ambalo wengine hutamka ethi. Gari limekaa juu ya mipira wala halina waya unaoingia mchangani. Ardhi ya gari ni chuma chake: chesisi, bodi na injini, ambavyo kwa pamoja hufanya kazi ya waya wa kurudishia mkondo betrini. Anayelielewa hivyo ataelewa pia kwa nini Land Rover zilizokaa pwani, Tanga au Mombasa au Unguja, husumbua taa zake. Bodi yake ni ya alumini na chesisi ni ya chuma. Metali hizi mbili zikikutana katika hewa ya chumvi hulika pale zinapogusana, na njia ya kurudi inafungwa. Ndipo unapoona mtu anakanyaga breki, na taa ndogo zinawaka kwa unyonge: mkondo umekosa njia yake na unarudi kupitia balbu ya jirani.

Hatari zaidi ni injini. Imebebwa na mipira, na hurudisha mkondo wa stata kwa utepe wa waya unaoiunganisha na chesisi. Utepe huo ukikatika, mamia ya ampea hutafuta njia nyingine, na iliyo karibu mara nyingi ni kebo nyembamba ya choki. Kebo hutoa moshi na ala yake huyeyuka, tena karibu na kabureta yenye petroli. Ukiona moshi kwenye choki wakati wa kupiga stata, acha mara moja na utazame utepe huo.

Zaidi ya hayo, katika magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, Land Rover hizi zikiwamo, iliyofungwa kwenye bodi ni nguzo chanya ya betri, si hasi. Hapa ndipo maagizo ya vitabu yanapohitaji kusahihishwa. Fundi hufunzwa “fungua hasi kwanza”. Katika gari la ardhi chanya agizo hilo ni hatari, maana spana inayofungua hasi ikigusa bodi hufanya shoti ya betri nzima, na betri iliyotoka kuchajiwa huwa na gesi ya hidrojeni inayolipuka. Agizo sahihi kwa kila gari ni “fungua ardhi kwanza, ifunge mwisho”. Vilevile alteneta ya kawaida ikifungwa kinyume huunguza diodi zake papo hapo, ilhali dainamo ya zamani inaweza kugeuzwa ifuate upande mpya. Na anayeligeuza gari kuwa la ardhi hasi abadilishe pia nyaya mbili ndogo za koili, la sivyo cheche itadhoofika.

Kwa kuwa magari mengi yamekwisha kugeuzwa na mafundi mbalimbali bila kuacha alama, umri wa gari si ushahidi tena. Tunashauri maneno ARDHI CHANYA au ARDHI HASI yaandikwe kwa rangi kando ya betri, mahali ambapo mwenye kuleta waya wa kuazima chaji atayaona kabla hajafungua kibano chochote.