Wadau wa CCNA, msikurupuke kununua ruta

Wadau, kabla hujatoa hela yoyote ya vifaa vya mazoezi, chukua Packet Tracer ya Cisco. Ni ya bure, na sehemu kubwa ya mtihani wa 200-301 ulioanza 2020 utaifanyia humo.

Unataka kushika chuma chenyewe? Tafuta swichi mbili za Catalyst 2960 na ruta ya 1841, zote mtumba. Ile 2501 ya bei poa achana nayo, mlango wake wa Etheneti wa 10 Mbps haupitishi VLAN kadhaa kwa waya mmoja. Muuzaji aiwashe mbele yako, mpige show version. IOS ya 1841 inakaa kwenye kadi ya CompactFlash, na kadi ikishachomolewa (jamani!) umenunua boksi tupu. Paswedi ya mwenyewe wa zamani isikutishe, inarukwa kwa 0x2142.