Mkanda wa mashine ya kusaga: kabla hujalipa, soma mgongo wake

Hapa Bura mkanda wa mashine ya kusaga ukikatika, habari hufika mtaani kabla ya fundi. Akina mama waliokuja na madebe ya mahindi hurudi nayo nyumbani, au hupanda boda hadi kijiji kingine cha skimu ambako mashine bado inazunguka, na nauli hiyo ikawa sehemu ya bei ya unga wa jioni ile. Mwenye mashine naye hupiga simu Garissa au Malindi, akangoja basi. Mwisho wa mwaka 2023, mvua za El Niño zilipoikata barabara upande wa Mororo, hata kungoja basi kukawa kazi.

Mimi ni fundi wa mashine hizi, za kusaga na za kupukuchua mahindi, na mikanda iliyokatika nimeibandua mingi. Michache sana niliona imekufa kwa uzee. Mingi ilikuwa si saizi yake, au ilifungwa kwenye puli iliyokwisha. Kwa hivyo leo nataka tuzungumze namna ya kuuchagua huo mkanda, ambao wengi wetu tunauita fanbeliti hata pasipo na feni.

Tuanze na maandishi ya mgongoni. Ukiona B 75, herufi ni upana na namba ni urefu. A ina upana wa milimita 13 juu na unene wa 8. B ni 17 kwa 11. C ni 22 kwa 14. Mashine nyingi za kusaga za huku hutumia B. Namba 75 ni inchi, tena ni urefu wa ndani, si wa nje. Mikanda mingine huandikwa kwa milimita, basi huyo huyo B 75 utamkuta ameandikwa 17 x 1905 Li. Usishtuke, zidisha 75 kwa 25.4 utapata hiyo hiyo 1905.

Kama maandishi yamefutika, na mara nyingi yamefutika, chukua futi ya fundi cherehani uuzungushe mkanda wa zamani kwa nje. Ukiwa ni B, toa inchi 3 kwenye kipimo chako. Ukiwa ni A, toa 2. Ila kumbuka mkanda uliochoka huwa umevutika, kwa hiyo kipimo kikiangukia katikati ya namba mbili, chukua iliyo fupi, mradi injini yako ina nafasi ya kusogezwa mbele ili uvae bila kulazimishwa.

Kuna mitego miwili dukani. Wa kwanza ni mkanda ulioandikwa SPB. Ukiutazama juu ni kama B, lakini una unene wa milimita 13, na namba yake ni ya milimita. Kwenye puli ya zamani ya B unaweza kukaa chini mno hadi ukagusa sakafu ya mfereji. Nasema mfereji wa puli, si ule wa maji ya skimu. Mtego wa pili ni mikanda ya 4L na 5L. Hii ni ya mashine ndogo ndogo, na namba yake huhesabiwa kwa nje: 4L430 ni inchi 43 za nje. Upana wa 4L ni kama wa A, na 5L ni kama B, ndiyo maana muuzaji atakuambia ni kitu kimoja. Si kimoja. Umetengenezwa kwa kazi nyepesi, na kwenye kinu cha kusaga utalegea upesi.

Wasomaji wetu wa Malindi na Watamu wanaotunza bustani za hoteli wataniuliza kuhusu mashine za kukata nyasi. Kwenu mambo ni tofauti kidogo. Katika mashine nyingi za aina hiyo mkanda ndio klachi: unakazwa na kulegezwa kila unapowasha na kuzima visu, na mara nyingine unapinda kwa mgongo kwenye kigurudumu cha kukazia. Huo unataka nyuzi za Kevlar ndani, zile ngumu za rangi ya manjano, maana nyuzi za kawaida za poliesta hazivumilii kustuliwa namna hiyo. Msifunge mkanda wa mashine ya posho humo kwa sababu tu umeenea.

Turudi Bura, kwenye adui mkubwa: joto. Mchana wa hapa hupita nyuzi 35 bila aibu, na banda la mashine ni mabati juu na mabati ubavuni, na injini ya dizeli ndani yake inapumua. Mpira wa mkanda ukipashwa huiva mara ya pili, unakuwa mgumu, kisha unapasuka mistari midogo upande wa ndani. Mafundi wa mitambo wana hesabu yao kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka kwenye mkanda hupunguza maisha yake kwa nusu hivi. Ndiyo maana mkanda uliokaa mwaka huko penye upepo unaweza kukwisha mapema sana hapa. Toboa madirisha ya banda. Ni dawa rahisi kuliko mkanda wowote wa ghali.

Joto jingine tunalitengeneza wenyewe. Mkanda uliolegea huteleza, na kuteleza ni moto. Harufu ya mpira ukiisikia, jua tayari. Wapo wanaomimina soda, au kupaka sabuni ama lami ili ushike. Unashika siku hiyo, kisha vumbi la unga na mchanga hugandia pale, ukawa msasa unaoila puli. Mimi sipaki kitu. Nafuta kwa kitambaa kikavu, kisha nakaza. Kipimo cha kukaza ni hiki: kati ya puli mbili zilizoachana mita 1, ubonyeze mkanda katikati kwa kidole gumba, ushuke kama milimita 16. Ukishuka sana, utateleza. Usiposhuka kabisa, utaua beringi, na beringi ina bei yake. Mkanda mpya uukaze tena baada ya siku ya kwanza ya kazi, kwa sababu ndiyo siku unayojikalisha vizuri.

Sasa puli, ambayo hakuna anayeitazama. Mkanda wa V hushika kwa mbavu zake, si kwa tumbo. Ukiona sakafu ya mfereji inang'aa kama kioo, maana yake mkanda unagusa chini, na hapo hata ununue wa dhahabu utateleza tu. Weka mkanda mpya ndani ya puli: mgongo wake uwe sawa na ukingo au karibu nao. Ukizama, puli imekwisha, ikachongwe upya au ibadilishwe. Kisha nyosha uzi kutoka puli ya injini hadi ya kinu, uguse kingo zote nne kwa pamoja. Uzi ukiacha mwanya, injini imekaa upande, na mkanda utaliwa ubavu mmoja.

Dukani utapewa pia chaguo la mkanda uliofunikwa kitambaa pande zote, au ule wenye meno kwa ndani, ambao kwa saizi ya B huandikwa BX. Wenye meno hupinda vizuri na hupoa upesi, kwa hivyo kama puli yako ndogo haifiki inchi 5, chukua huo. Lakini kwa mashine ya kupukuchua, inayokwama kila mara kwa magunzi mabichi, mimi napenda uliofunikwa. Kukitokea kishindo huteleza kidogo ukasamehe, wakati wenye meno hung'ang'ania mpaka kitu kikatike.

Kuhusu bei, tufanye mfano. Tuseme wa rahisi ni shilingi 400 ukakaa miezi miwili, na ulio bora ni 1,000 ukakaa kumi. Wa rahisi utaununua mara tano, ambayo ni 2,000, bado nauli ya mzigo na siku tano za mashine kulala. Kabla hujalipa, sugua maandishi kwa kidole chenye maji: yakitoka, rudisha. Ukunje kinyumenyume uangalie kama unaonyesha nyufa. Na puli yako ikichukua mikanda mitatu, nunua mitatu mara moja, ya kampuni moja na namba moja. Ukichanganya mpya na wa zamani, ule wa zamani umevutika, hubebi chochote, na mzigo wote unaangukia mpya.

Jambo la leso sitaliacha. Mkanda unaozunguka wazi hauchagui mtandio, buibui wala kikoi, na banda la kusaga limejaa watu waliojifunga nguo ndefu na watoto mgongoni. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mashine azibe sehemu kama hizo. Tumia wavu wa chuma, si bati zima, ili hewa ipite na mkanda upoe. Na injini izimwe kwanza kabla mkono haujaingia, hata kama foleni imefika barabarani.

Mkanda wa akiba uwe nao daima. Usiutundike kwenye msumari, utapata kona pale ulipolala. Uzungushe bila kuubana, uweke ndani ya boksi mbali na jua, dizeli na betri, na uandike juu ya boksi saizi yake na tarehe uliyoununua.