Diski Isemapo "Nimehifadhi"

Mtafiti wa ngano za Kidawida huzirekodi katika vilima vya Taita, akazihamishia kwenye tarakilishi mjini Voi, akadhani kazi imekwisha. Je, mfumo wa faili uliamini neno la diski kwa kiasi gani?

Diski nyingi hupokea data kwanza katika kumbukumbu ya muda, zikajibu kuwa zimekwisha kuiandika. Umeme ukikatika hapo, kilichoripotiwa kuwapo hakipo. Ext3, iliyoingizwa katika Linux mwaka 2001, hujikinga kwa shajara ya mabadiliko. Lakini shajara hiyo hufaa tu iwapo diski inatii mpangilio wa kuandika. ZFS ya Sun Microsystems, iliyotolewa mwaka 2005, hushuku zaidi: kila fungu la data lina tarakimu ya uhakiki, nayo hulinganishwa kila fungu lisomwapo. Hata hivyo, uhakiki hufichua kasoro tu. Bila nakala ya pili haurejeshi kilichoharibika.

Kwa hiyo, diski iaminiwe kama mtunzaji, isiaminiwe kama shahidi wa pekee. Nasi wanafasihi simulizi tuweke nakala mahali tofauti na kuzikagua, kwani fanani akishafariki hapana wa kuturudia ngano yake. Tahadhari kabla ya hatari.