Mkate wa Safari Usiohitaji Ngano

Wapo watu ambao mwili wao haukubali ngano kabisa. Kinachowadhuru ni gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Kwa wenye ugonjwa wa siliaki, wanaokadiriwa duniani kuwa takriban mtu 1 katika kila 100, hata kipande kidogo cha mkate huumiza utumbo. Mtu wa namna hiyo akisafiri kwa gari lenye kitanda na jiko, hushauriwa abebe unga wa mchele, wanga, gundi ya kushikanisha kinyunga na tanuri dogo la gesi. Gluteni ndiyo inayonasa hewa ya hamira na kuuinua mkate, hivyo anayeikwepa hulazimika kuziba pengo lake kwa vitu vingi, na karibu vyote havipatikani njiani. Mji wa Kisangani, nchini Kongo, una jibu rahisi zaidi: chikwanga, mkate wa muhogo uliofungwa kwa majani.

Ushahidi uko kwenye Mto Kongo. Kisangani ndio mwisho wa safari ya majini kutoka Kinshasa, yapata kilomita 1,700, kwa kuwa juu ya mji maporomoko 7 ya Boyoma huziba njia ya meli. Safari hiyo huchukua siku nyingi, pengine wiki kadhaa, na abiria wengi hawana friji wala tanuri. Hununua chikwanga na samaki wa kukaushwa kutoka kwenye mitumbwi inayoisogelea meli, na mlo umekamilika. Chikwanga huvumilia safari kwa sababu ya jinsi inavyotengenezwa. Mihogo humenywa na kulowekwa siku 3 au zaidi hadi ilainike na kuchachuka. Nyuzi hutolewa, maji hukamuliwa, kisha rojo husagwa, huivishwa kidogo na kukandwa lingali moto mpaka linate. Donge hufungwa ndani ya majani mapana ya msituni, hukazwa kwa kamba na kupikwa kwa mvuke kwa saa kadhaa. Uchachu huwazuia vijidudu waharibifu, mvuke huwaua waliobaki, na majani huwazuia wapya. Ikiwa haijafunguliwa, hukaa siku kadhaa bila friji.

Atakayesema kazi hiyo haiwezekani garini amesema kweli, lakini msafiri hatakiwi kuifanya. Mama wa sokoni amekwisha kuimaliza. Kilichobaki ni kuipasha moto kwa mvuke ndani ya majani yake, au kuikata vipande na kuvikaanga kwa mafuta kidogo ya mawese hadi vikauke juu. Sufuria moja na jiko la makaa vinatosha. Ajihadhari tu na kikaango kilichotumika kwa maandazi, maana mabaki ya unga wa ngano kwenye mafuta yanatosha kumdhuru mwenye siliaki.

Hoja nzito zaidi dhidi ya chikwanga ni sumu. Muhogo mchungu una kemikali zinazotoa sianidi, na ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla, ulielezwa na daktari Trolli mwaka 1938 katika eneo la Kwango. Lakini konzo huhusishwa na muhogo uliolowekwa kwa muda mfupi mno na kuliwa karibu peke yake, bila vyakula vya protini. Kwa hiyo lawama ni ya haraka na ya umaskini. Kuloweka vya kutosha ndiyo kinga yenyewe. Hapo pia ndipo hoja ya lishe inapopata jibu. Muhogo una wanga mwingi na protini kidogo sana, basi chikwanga isiliwe peke yake: iende na samaki, maharagwe au sombe, yaani majani ya muhogo, iliyotiwa karanga.

Mwisho, wapo watakaolalamika kwamba haiumuki, inanata na ina harufu ya uchachu. Ni kweli, na aliyezoea boflo itamchukua muda kuipenda. Lakini mkate wa safari hupimwa kwa mambo mengine: ushibishe, usiharibike upesi, usimdhuru mlaji, upatikane njiani. Ngano inayoliwa Kongo karibu yote hutoka ng'ambo, wakati muhogo huchimbwa shambani kando ya barabara. Anayeanza safari kutoka Kisangani na hali ngano, apitie sokoni kwanza, achague chikwanga ngumu ambayo majani yake hayajapasuka, na tanuri aliache nyumbani.