2147483647: namba ya Euler ndani ya kompyuta

Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa tisa na dakika 14 kwa saa za London (nyumbani Dar na Mombasa itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi), kompyuta ambazo hazijarekebishwa zitaruka kutoka 2038 hadi Desemba 1901. Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na ile ya zamani huiandika hesabu hiyo kwa biti 32. Biti moja hushika alama ya chanya au hasi, zinabaki 31. Biti 31 zikijaa zote, namba inayopatikana ni 2147483647, na sekunde inayofuata huigeuza hesabu kuwa hasi.

Desemba 2014 YouTube walikutana na namba hiyohiyo, idadi ya kutazamwa kwa video ya Gangnam Style ilipoupita ukomo wa kaunta yao ya zamani. Walikuwa wameshaweka kaunta kubwa zaidi, mambo yakaisha.

Lakini namba hii ilikuwa maarufu kabla ya umeme. Chukua 2 thelathini na moja, zizidishe zote pamoja, kisha toa 1: ndiyo hiyo. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliitaja kuwa namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Uthibitisho ulisubiri hadi 1772, ukatoka kwa Leonhard Euler huko St. Petersburg, mzee ambaye wakati huo alikuwa karibu kipofu kabisa.

Aliwezaje? Kwanza, ikiwa namba ina vigawo, kimoja lazima kiwe chini ya kipeuo chake cha pili, ambacho hapa hakifiki 46341. Bado chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya elfu nne, kazi ya kuchosha hata mwenye macho. Ndipo Euler akaonyesha kwamba kigawo chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 248, sharti kibakishe 1 au 63. Kwa kigezo hicho zinabaki namba zisizofika mia nne, na ukiziondoa zisizo tasa, hazifiki mia. Kwangu mimi uzuri wote uko hapo: hakugawanya haraka kuliko wengine, alijua pa kutogawanya.

Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha utasa wa nyingine ya namna hiyo, ya 2 zipatazo 127 zilizozidishwa pamoja, yenye tarakimu 39. Iliyotangazwa Oktoba 2024 ina zaidi ya milioni 41.

Je, wahandisi waliichagua 2147483647 kwa sababu ni tasa? Hapana, ni sadfa tupu. Wao walitaka biti 32 tu. Mifumo mipya hutumia biti 64, na ukomo wake, 9223372036854775807, unatosha sekunde za miaka bilioni 292. Huo si tasa hata kidogo. Ugawe kwa 7, hakibaki kitu.