Homa siyo malaria: Kwa nini daktari wa ng'ombe anafundishwa kutafiti magonjwa ya watu

Chukua mfano huu. Mama wa Machame ana homa, sasa ni wiki ya pili. Viungo vinauma, usiku jasho linamtoka. Amemeza dawa ya malaria, wapi. Nyuma ya nyumba, kwenye banda lililo katikati ya migomba, ng'ombe wake alitupa mimba mwezi uliopita, na ni yeye aliyemtoa kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Hospitali hakuna aliyemuuliza habari za ng'ombe.

Hali kama hii siyo ya kufikirika tu. Kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi, mjini Moshi. Wagonjwa 528 waliandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli? 14 tu.

Majibu yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha pia kwamba wagonjwa 118, sawa na asilimia 26.2 ya waliopimwa, walikuwa na magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama. 40 walikuwa na leptospirosisi, ile ambayo Watanzania waliizoea kwa jina la homa ya mgunda ilipolipuka Lindi mwaka 2022. 24 walikuwa na homa ya Q na 16 brusela. Waliobaki walikuwa na homa za jamii ya rickettsia, ambazo nyingi huletwa na kupe. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye ugonjwa huo ulitajwa, hata kwa kuhisiwa tu, alipokuwa analazwa.

Hapo ndipo daktari wa mifugo anapoingia.

Kwenye vihamba vya Kilimanjaro ng'ombe hawachungwi. Wanafungiwa ndani na kuletewa majani, hatua chache tu kutoka jikoni. Anayeingia bandani mara kwa mara, akajua nani alitupa mimba na maziwa yanauzwa wapi, ni mtu wa mifugo, siyo daktari wa hospitali.

Shida ni kwamba kutibu na kutafiti ni kazi mbili tofauti. Shahada ya udaktari wa wanyama imekuwa ikifundishwa Morogoro tangu 1976, leo chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), na huchukua miaka mitano. Muda mwingi mwanafunzi anajifunza kumponya ng'ombe aliye mbele yake. Mtafiti anauliza swali jingine: kwenye kata nzima, ni mabanda mangapi yana ugonjwa, na je, wenye mabanda hayo ndio wanaougua?

Kulijibu kunahitaji mazoezi. Kwanza kuchagua kaya kwa kura, siyo zile zilizo karibu na lami. Halafu kutoa damu kwenye mshipa wa mkia au shingo, kuipa namba inayoiunganisha na kaya ile, na kuifikisha maabara ikiwa baridi. Damu ya watu haichukui yeye. Hiyo ni kazi ya wahudumu wa afya, baada ya kibali cha maadili na ridhaa ya mwenyewe.

Kipimo cha brusela kinachotumika sana ni rahisi: tone la majimaji ya damu linachanganywa na dawa ya rangi ya waridi, na ndani ya dakika nne hivi mchanganyiko ukiganda vipande vipande, kuna kingamwili. Lakini ng'ombe aliyechanjwa naye anaweza kuonyesha hivyo hivyo. Asiyejua hilo ataandika ugonjwa mahali ambapo kuna chanjo.

Sehemu ngumu zaidi haiko maabara. Ni kurudisha majibu. Ng'ombe ni mmoja, maziwa yake ndiyo ada ya shule, na mwenye ng'ombe anauliza: "Sasa nimfanyeje?" Kuchemsha maziwa, sawa. Kuvaa glavu wakati wa kuzalisha, sawa. Lakini kumtibu ng'ombe mwenye brusela haishauriwi, na kumpeleka mnadani ni kuuhamishia ugonjwa kwa jirani. Mwanafunzi aliyefundishwa kukusanya sampuli tu hapo anaishiwa maneno, na mara nyingine mwenye ng'ombe hafungui tena geti.

Kwa mtu, brusela inatibika, ila kwa antibayotiki zaidi ya moja, kwa kawaida wiki sita. Dawa ya malaria haiigusi.

Mwanafunzi mwenyewe pia yuko hatarini. Bakteria wa brusela ni kati ya wanaoongoza kwa kuambukiza wafanyakazi wa maabara. Hata chanjo ya ng'ombe ina bakteria hai, na sindano ikiteleza inaweza kumuumwisha mtu. Aliyejichoma anatakiwa kwenda hospitali siku hiyo hiyo, na amwambie daktari alikuwa anachanja nini.