Bila Kufyatua Risasi: Vigogo wa Ujasusi wa Vita Kuu ya Pili

Hujuma kubwa iliyofanywa kimya kuliko zote ni ya Vemork, Norway. Kiwanda hicho kilitoa maji mazito, ambayo Wajerumani waliyataka kwa utafiti wao wa nyuklia. Kilikuwa ukingoni mwa korongo, na daraja lake la kuning'inia lililindwa. Usiku wa Februari 27, 1943, Wanorway tisa waliotumwa kutoka Uingereza wakaliacha daraja, wakashuka hadi kwenye mto ulioganda na kuukwea mwamba wa ng'ambo. Kiongozi wao, Joachim Rønneberg, alikuwa na miaka 23. Baruti imeshategwa, kiberiti ki mkononi, mlinzi wa usiku, Mnorway mwenzao, akasema haioni miwani yake. Vitani miwani ilikuwa adimu. Basi kazi ikasimama, wanaume wenye bunduki wakapekuapekua kutafuta miwani ya mtu! Utambi wa dakika mbili waliufupisha ukabaki wa sekunde 30. Kilo 500 hivi za maji mazito zikamwagika, kwa mshindo hafifu kiasi kwamba askari mmoja Mjerumani alitoka, akaangaza huku na huko, akarudi ndani.

Wizi mkubwa ulifanyika kwetu Afrika: bandari ya kisiwa cha Fernando Po, leo Bioko, Januari 14, 1942. Maofisa wa meli ya Italia, Duchessa d'Aosta, walialikwa karamu ya usiku ufukweni. Wakati wanakula, makomando wa Uingereza walikata minyororo ya nanga kwa baruti na kuikokota meli. Walinzi wa bandari walielekeza mizinga juu wakidhani milipuko hiyo ni ya ndege.

Kwa wafanyakazi hewa, hakuna wa kumfikia Juan Pujol, Mhispania aliyeitwa Garbo. Alianza kwa kuwaandikia Wajerumani kana kwamba yuko London, kumbe yuko Lisbon na kitabu cha watalii. Baadaye, akiongozwa na Waingereza, alifikisha wasaidizi 27, wote wa kubuni, na Wajerumani wakawalipa. Mmoja alipo"kufa", tangazo la kifo likatoka gazetini na mjane naye akapewa pensheni. Mwaka 1944 Garbo alitunukiwa nishani na pande zote mbili.

Risasi iliyompata mtu katika orodha hii ni moja, na Virginia Hall alijipiga mwenyewe mguuni kwa bahati mbaya, akiwinda Uturuki mwaka 1933, mguu ukakatwa. Mmarekani huyu aliwatumikia Waingereza mjini Lyon akiwa na mguu wa mti alioupa jina: Cuthbert. Novemba 1942, huku Gestapo, polisi wa siri wa Ujerumani, wakimsaka, alivuka milima ya Pyrenees kwa miguu, kwenye theluji. Akapeleka ujumbe London kuwa Cuthbert huenda akamsumbua njiani. Ofisi, isiyojua Cuthbert ni nani, ikajibu kwamba akileta usumbufu, aondolewe.